Mwanagenzi wa Upasuaji na Mbwa Asiye na Mwenyewe

Mwanagenzi wa useremala huharibu mbao, na mwanagenzi wa ushoni huharibu kitambaa. Wala hatumlaumu, maana twajua ya kuwa hakuna fundi aliyezaliwa na ufundi mkononi. Mbao zilizoharibika hutiwa motoni, na kitambaa hukatwa vipande vya kufutia meza. Lakini yuko mwanagenzi mmoja ambaye kitu chake cha kujifunzia kina damu, nacho huona maumivu kama sisi tuonavyo. Ni yeye ajifunzaye kuganga na kupasua mbwa na paka. Siku moja hana budi kushika kisu mara ya kwanza, na siku hiyo yuko mnyama mmoja aliyelala mbele yake. Mnyama huyo ni yupi? Ni wa nani? Naye apata nini kwa kuwa wa kwanza? Haya ndiyo twataka kuyafikiri pamoja na wasomaji wetu mwezi huu.

Twajua ya kuwa wako watakaotuzuia hapa mlangoni, wakisema, Watu wangapi hawana daktari, nanyi mwahangaikia mbwa? Neno lao si la kudharauliwa. Lakini wakumbuke kwamba mbwa na mtu hukaa ua mmoja, na ugonjwa wa mmoja huvuka kwa mwenzake. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hapana aponaye. Tena wenye elimu hiyo wamepima wakaona ya kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kazi hiyo haifanywi na daktari wa watu. Na pale penye vitoto vya mbwa vingi kila mwaka visivyo na mwenyewe, hiyo 70 haifikiwi upesi, kwa kuwa waliochanjwa hufa na wasiochanjwa huzaliwa. Basi yeye aliye na mkono wa kumwondolea mbwa jike kizazi kwa salama hawafanyii kazi mbwa peke yao. Tukiisha kusema hayo twaliacha jambo hili, maana swali letu silo hilo.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe, kwa maana mtu asiyeijua hawezi kuihukumu. Kumwondolea mbwa jike kizazi ni katika kazi za kwanza za kisu ambazo mwanafunzi hufundishwa, na akiisha kuwa daktari wa mbwa na paka ataifanya mara nyingi sana. Watu huiita kazi ndogo. Si ndogo. Mbwa amekwisha kutiwa dawa ya usingizi, amelazwa chali, na mpira wa kupitishia pumzi umo kooni mwake. Manyoya ya tumbo yamenyolewa na ngozi imeoshwa. Ndipo mwanafunzi apasue chini ya kitovu, katikati kabisa, pale nyama za kuume na za kushoto zikutanapo katika utando mweupe. Maana akienda kando kidogo atakata nyama, na damu itamzibia njia. Ndani hutafuta pembe ya mji wa mimba, ambayo kwa mbwa aliye mchanga ni nyembamba kama kamba ya kiatu, akaifuata mpaka penye kifuko cha mayai, karibu na figo. Hapo pana kano fupi ikishikayo kifuko kile ndani sana ya mwili. Yampasa kuivuta na kuilegeza kwa kidole, wala mara nyingi hawezi kuiona. Hujua kwa kugusa tu. Akivuta kidogo mno, hapati nafasi ya kufunga uzi. Akivuta kwa pupa, mshipa wa damu ulio jirani yake hupasuka, na ncha yake ikazama tumboni kabla hajaishika. Hiyo ndiyo dakika ambayo wanafunzi huiogopa, nasi twaona ni heri waiogope.

Mpasuaji aliyezoea huweza kuimaliza kazi hiyo kwa dakika 20 hivi. Mwanafunzi wa mara ya kwanza huenda akatumia saa nzima, au zaidi. Na saa hiyo si bure kwa mbwa. Tumbo likiwa wazi, mwili hupoa. Dawa ya usingizi nayo huzidi kuulemea moyo na pumzi. Vidole visivyojua njia hugusa mara kumi mahali ambapo vidole vya fundi hugusa mara moja, na kila palipoguswa pataumwa kesho. Kwa hiyo, hata mambo yote yakienda vema, mwanagenzi hulipiwa ada yake na mnyama. Hilo ni kweli pasipo ukatili wa mtu ye yote. Ni tabia ya kazi yenyewe.

Wazee wa elimu hii hawakujiuliza sana juu ya ada hiyo. Chuo cha kwanza cha uganga wa wanyama katika Ulaya kilikuwa cha Lyon, nchini Ufaransa, ambacho Claude Bourgelat alipewa ruhusa ya mfalme kukianzisha mwaka 1761. Baadaye kidogo kikafuata cha Alfort, karibu na Paris. Havikuwekwa kwa ajili ya mbwa, bali kwa ajili ya farasi wa jeshi na wa magari, na kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wakifa kwa sotoka. Huko Alfort ikawa desturi kwamba farasi mzee aliyekwisha nguvu hufungwa, na wanafunzi humfanyia kazi moja baada ya nyingine, yu hai na yu macho, muda wa saa nyingi, mpaka afe. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846. Walakini katika miaka ya 1860 Waingereza walikuwa bado wakipeleka malalamiko Ufaransa juu ya farasi wale. Walimu wa Alfort hawakuwa watu wabaya kuliko wengine. Walikuwa na hoja, nayo ni hoja ile ile isikiwayo mpaka leo: mkono haufundishiki kwa maneno, na afadhali aumie farasi asiyefaa kitu kuliko farasi mia wenye kazi.

Waingereza nao waliamua kwa njia yao. Bunge lao lilipotoa sheria ya mwaka 1876 juu ya majaribio kwa wanyama walio hai, liliweka na sharti ya kwamba mnyama aliye hai asijaribiwe kwa kusudi la kuupa mkono ustadi tu. Sheria hiyo ilikaa zaidi ya miaka 100, ikaondolewa kwa kuwekwa nyingine mwaka 1986. Basi mwanafunzi wa Uingereza ilimlazimu kujifunza kwa mizoga, na kisha kwa wagonjwa wa kweli, akisimama kando ya mwalimu, akishika kwanza uzi, halafu kibano, mwisho kisu. Yafaa tulitazame neno hili. Mbwa yule alipasuliwa kwa sababu alihitaji kupasuliwa. Mwanafunzi alikuwa mgeni katika haja ya mbwa. Kule Alfort mambo yaligeuzwa: mwanafunzi ndiye mwenye haja, na farasi alikuwa mgeni wake, tena mgeni asiyerudi kwao.

Katika Marekani njia ilikuwa nyingine. Kwa miaka mingi vyuo vingi vilichukua mbwa kutoka nyumba za kukusanyia mbwa waliopotea au waliotupwa. Mbwa mmoja aliweza kupasuliwa juma hili akapona, akapasuliwa tena juma jingine, na mwisho akauawa. Mahali pengine alipasuliwa mara moja tu, wala hakuamshwa tena katika usingizi wake. Katika miaka ya 1980 wako wanafunzi walioanza kukataa, wengine wakihatarisha masomo yao kwa kukataa huko; na polepole vyuo vikageuza desturi, vikaanza kuwatumia mbwa wale wale wa nyumba zile kwa namna nyingine: mwanafunzi humwondolea kizazi chini ya macho ya mwalimu, kisha mbwa huamka, hurudishwa, na hutafutiwa mwenyewe.

Hapa twafika penye shida yenyewe, wala hatutaki kuizunguka. Yule mbwa asiyeamshwa, alidhulumiwa nini? Siku yake ilikuwa imekwisha kuamriwa; asipouawa chuoni angeuawa pale alipokusanywa. Alilala, hakusikia kisu, hakuona maumivu hata kidogo. Mbwa aliyeamka, kinyume chake, ataumwa siku kadhaa kwa ajili ya mkono wa mwanagenzi. Ikiwa twapima maumivu peke yake, mzani waelekea upande wa yule asiyeamka. Watu wenye huruma na wenye akili wamesema hivyo, nasi hatuwezi kuwaita wakatili. Sisi twakiri kwamba hoja hii ina nguvu kuliko wengi wapendao wanyama wanavyodhani.

Walakini twaona imesahau jambo moja, nalo ni kesho. Mwanafunzi aliyempasua mbwa asiyeamka hana kesho ya kazi yake. Fundo lake likiwa legevu, halimwambii mtu. Uzi ukikazwa mno hata ngozi ikafa, hapana atakayeiona ikigeuka nyeusi. Mshipa ukivuja usiku, hakuna usiku. Kumbe kesho ndiyo mwalimu mkubwa wa mpasuaji! Hujifunza kwa kumwona mbwa akikataa chakula, akilamba jeraha, akisimama kwa mgongo uliokunjika. Na hujifunza zaidi kwa kumwona akitikisa mkia. Chuo kinachokata masomo pale penye kufunga ngozi kimefundisha nusu ya kazi, na hiyo nusu ni ile iliyo rahisi. Tena, kimemzoeza kijana kwamba kosa lina mlango wa kutokea. Mkono hujifunza haraka kwamba haidhuru, kuliko ujifunzavyo kufunga fundo. Basi hatusemi kwamba desturi ile ilikuwa dhuluma kubwa kwa mbwa. Twasema kwamba haikumlea mganga.

Wala si lazima mbwa awe wa kwanza kabisa. Siku hizi viko vitu vingi vya kumtangulia: ngozi ya mpira ya kushonea, tumbo la kitambaa lenye mishipa ya bomba ivujayo maji mekundu fundo likiwa baya, mguu wa nguruwe uliotoka kwa mchinjaji, hata ganda la ndizi. Iko na mizoga ya mbwa na paka waliokufa kwa ugonjwa au uzee, ambayo wenyewe wameitoa kwa hiari. Mwanafunzi aliyefunga mafundo mia tano nyumbani kwake katika mguu wa kiti hagharimu mnyama ye yote kitu. Haya yote hayamfanyi kuwa mpasuaji, maana kitambaa hakipumui wala mzoga hautoki damu ya moto. Lakini hufupisha ile saa tuliyoitaja. Tunaona kwamba kila dakika ambayo ingeweza kupunguzwa kwa mazoezi ya nyumbani, isipopunguzwa, ni deni. Mwalimu ampelekaye mwanafunzi penye mbwa kabla vidole vyake havijajua fundo hajakosa ustadi, amekosa haki.

Sasa tuje kwetu. Uganga wa wanyama umefundishwa Morogoro tangu mwaka 1976, katika chuo ambacho tangu mwaka 1984 kimeitwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nchi yetu ni ya ng'ombe na mbuzi, na mbwa wetu ni mlinzi zaidi kuliko mwenzi. Hulala nje, hula makombo, na mara nyingi jina lake hulijua mtoto tu. Katika Afrika ya Mashariki viko vikundi vya madaktari waendao vijijini kuchanja mbwa bure na kuwaondolea kizazi bure, na mara nyingine wanafunzi huenda nao. Kazi hiyo twaisifu. Lakini ndani yake limo neno linalotusumbua.

Waarabu wana mithali juu ya mtu ajifunzaye kuumika katika vichwa vya mayatima. Maana yake i wazi: yatima hana baba wa kuuliza kwa nini kichwa chake kimekatwa hivi. Nasi tukitazama, twaona kwamba mbwa wa bwana mwenye gari hupasuliwa mjini na daktari mwenye nywele nyeupe, na mbwa wa maskini hupasuliwa chini ya mwembe na kijana wa mwaka wa nne. Tukiuliza, hujibiwa, Maskini asingepata daktari kabisa pasipo kijana huyu. Jibu hilo ni la kweli. Lakini ni jibu rahisi mno kinywani, na watu waliofundishia mikono yao kwa yatima walikuwa nalo nao.

Basi ni nini kitakachotenga msaada na kichwa cha yatima? Tumelifikiri sana, na tumeona kipimo kimoja ambacho mwalimu aweza kukitumia pasipo kitabu. Ajiulize: Mbwa wangu mwenyewe, anayenilaki jioni mlangoni, ningemlaza leo mbele ya mwanafunzi huyu, nami nimesimama kando yake nimevaa mipira ya mikono? Kama jibu ni ndiyo, basi na amlaze mbwa wa kijijini. Kama jibu ni bado, basi na kwa mbwa wa kijijini ni bado. Hatusemi mwanafunzi awe amekwisha kuwa fundi. Maana hapo hapana atakayejifunza, na siku moja wote wenye mvi watakufa na elimu yao. Twasema tu kwamba hiyo "bado" isiwe mbili, moja ya tajiri na moja ya maskini.

Kadhalika dawa ya maumivu. Zamani, wala si zamani sana, waganga wa wanyama wengi walifundishwa kwamba mbwa aliyepasuliwa hahitaji dawa hiyo, hata wengine wakasema maumivu yamfaa kwa kuwa yamtuliza asipasue nyuzi. Leo twajua zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow wametengeneza karatasi ya maswali ya kupimia maumivu ya mbwa: alia? atazama jeraha? husimamaje? ukibonyeza kando ya jeraha hufanya nini? Maswali hayo yameandikwa kwa sababu mnyama huficha, na paka huficha kuliko mbwa. Yeye aliyepasuliwa na mkono mpya huumwa zaidi. Kwa hiyo huyo ndiye astahiliye dawa zaidi, wala si punguzo. Kikundi kikiwa na fedha ya mbwa 40 pamoja na dawa yao ya maumivu, au mbwa 60 pasipo dawa hiyo, sisi twasema 40. Twajua kwamba wako watakaotuhesabia vitoto vya mbwa watakaozaliwa na wale 20 waliobaki. Na wahesabu. Mbwa wa arobaini na moja hakuombwa shauri. Wala haifai kumtoza maumivu ili hesabu yetu ipendeze katika taarifa ya mwaka.

Liko na neno la kumwambia mwenye mbwa. Mzee amemleta mbwa wake kwa kamba ya katani, amempa kijana mkononi, na kuuliza, "Mwanangu, ni wewe utakayempasua?" Iko namna nyingi za kulikwepa swali hilo. Kijana aweza kusema, "Sisi ni madaktari kutoka chuoni," na mzee ataridhika. Lakini jibu analostahili ni hili: "Ni mimi, mzee. Ni mara yangu ya tatu. Mwalimu wangu atasimama kando yangu tangu mwanzo hata mwisho, na ikihitajika atashika kisu mwenyewe." Wengine huogopa ya kuwa mzee ataifungua kamba aende zake. Huenda. Yeye ndiye amjuaye mbwa huyo, na ndiye atakayekosa mlinzi akifa. Mnyama hawezi kukubali wala kukataa. Amebakiwa na kinywa kimoja cha kumsemea, nacho ni cha mzee huyo. Tukimziba kwa maneno ya ujanja, tumemnyang'anya mbwa hata hicho. Nasi tumeona kwamba watu wa vijijini huheshimu kazi ya mwanagenzi kuliko wasomi wadhanivyo, maana na mhunzi wao alikuwa mwanagenzi, na mkunga wao pia. Wanalolichukia ni kudanganywa.

Na mbwa asiye na mzee wala kamba, yule wa jalalani, ambaye hukamatwa kwa wavu? Kwa huyo hakuna wa kuulizwa. Twaona kwamba kwa sababu hiyo mwalimu amekuwa badala ya mwenyewe, na kijana pia, mpaka jeraha lipone. Si mpaka gari liondoke. Mara nyingi kikundi hufunga mizigo saa kumi na moja jioni, na mbwa wa mwisho hajasimama vema kwa miguu yake. Fundo likifunguka siku ya tatu, kikundi kimo wilaya nyingine. Wapasuaji wa kazi hizo, kwa busara, hushona ngozi kwa ndani na kwa uzi uyeyukao wenyewe, ili pasiwe na haja ya kurudi kuutoa. Ufundi huo ni mwema. Lakini usiwe sababu ya kutorudi. Mtu mmoja wa mahali pale, mwalimu wa shule au afisa mifugo wa kata, aachiwe majina ya wenye mbwa, na namba ya simu, na dawa kidogo; na siku ya kumi yule kijana mwenyewe, si mwingine kwa niaba yake, arudi kwa basi kuyatazama makovu yake moja moja, na lile la mbwa wa jalalani pia, kama aweza kumpata.